Kamera Haipigi Makofi

Mwaka 1969 studio ya Twentieth Century-Fox ilikuwa na filamu iliyokwisha kukamilika lakini haikuwa na ruhusa ya kuionyesha. Filamu hiyo ni Hello, Dolly!, iliyoongozwa na Gene Kelly, na ilikuwa imemeza kama dola milioni 25 za studio. Kizuizi kilikuwa ndani ya mkataba. David Merrick, mtayarishaji wa mchezo wa Broadway uliozaa filamu hiyo, aliweka sharti wakati wa kuuza haki kwamba filamu isitoke ilhali mchezo wenyewe bado unauza tiketi New York. Nao mchezo haukuonyesha dalili ya kuchoka. Ulifunguliwa Januari 1964 Carol Channing akiwa Dolly, na kila mauzo yalipolegea Merrick alileta nyota mwingine: Ginger Rogers, Betty Grable, kisha mwaka 1967 Pearl Bailey akiwa na kundi zima la waigizaji weusi, na watu wakapanga foleni upya. Mwishowe Fox ilitoa fedha nyingine ili sharti lilegezwe. Filamu ikatoka Desemba 1969 na kuipatia studio hasara ya mamilioni. Mchezo ukaendelea jukwaani mwaka mmoja zaidi.

Tamthilia ya nyimbo ikianguka kwenye skrini, lawama huwaendea waigizaji wasiojua kuimba au mwongozaji asiyejua muziki. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini hapa mchezo uleule ulikuwa hai kwa sababu ulibadilishwa kila mara: Dolly mpya, mizaha mipya, ukumbi mpya kila usiku. Filamu ilikuwa na Dolly mmoja tu wa milele, Barbra Streisand, aliyekuwa na umri wa miaka kama 26 wakati wa upigaji picha, akiigiza mjane ambaye ameshaona mengi. Fox ilikuwa imenunua jina la mchezo na jina la nyota. Sababu inayowafanya watu wa hadithi ile waimbe haikuandikwa katika mkataba wowote, na kwa kuitazama filamu yenyewe sioni kwamba kuna aliyejishughulisha kuitafuta.

Kabla ya hapo biashara ilikuwa nzuri. Oklahoma! iliingia sinema mwaka 1955, The King and I mwaka 1956, South Pacific mwaka 1958. West Side Story ya 1961 ilichukua tuzo 10 za Oscar. Warner Bros. ililipa dola milioni 5.5 kwa haki za My Fair Lady, na filamu hiyo ya 1964 ikachukua Oscar nane. Hata hivyo nyufa zilikuwa zinaonekana kwa anayetaka kuziona. Sauti ya kuimba ya Deborah Kerr katika The King and I, ya Natalie Wood katika West Side Story na ya Audrey Hepburn katika My Fair Lady ilikuwa kwa sehemu kubwa ya mwanamke mmoja, Marni Nixon, ambaye jina lake halikutajwa kwenye filamu hizo. Julie Andrews, aliyemjenga Eliza wa My Fair Lady Broadway na London, aliachwa kando kwa kuwa mkuu wa studio, Jack Warner, alitaka uso uliokwisha kujulikana sinema. Jukwaani mwili unaotoka jasho ndio huohuo unaotoa sauti. Hollywood ilianza kwa kuvitenganisha viwili hivyo na ikadhani haijapoteza kitu.

Kisha ikaja The Sound of Music, 1965, na baraka yake ikageuka balaa. Fox ilikuwa bado inauguza jeraha la Cleopatra ya 1963, na filamu hii ya Robert Wise iliiokoa, ikawa filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote kwa wakati wake. Studio zote zilitazama na kuandika somo moja: nyimbo kubwa, seti kubwa, filamu ndefu yenye mapumziko katikati, tiketi ya bei ya juu. Warner ikatoa Camelot mwaka 1967. Fox ikatoa Doctor Dolittle na Star!, ambazo hazikutoka jukwaani lakini ni za ukoo uleule. Paramount ikatoa Paint Your Wagon mwaka 1969, Lee Marvin na Clint Eastwood wakiimba kwa sauti zao wenyewe, jambo la kishujaa kwa maana moja tu. Zilikuwepo zilizofanikiwa, Funny Girl na Oliver! za 1968, na Oliver! ilipata hata Oscar ya filamu bora. Lakini miaka ya 1970 ilipoingia studio kadhaa zilikuwa taabani, na filamu hizi nene zilikuwa miongoni mwa sababu.

Somo ambalo hawakuliandika ni hili: katika The Sound of Music karibu kila anayeimba ana kazi ya kuimba. Maria ni mlezi anayewafundisha watoto muziki. Baba yao amepiga marufuku nyimbo nyumbani, kwa hiyo siku anapofungua kinywa na kuimba pamoja nao, hilo ni tukio katika hadithi, sawa na mtu kupigana au kuoa. Mwisho familia inapanda jukwaa la tamasha na kutumia onyesho hilo kutoroka. Tena Wise na mwandishi wake Ernest Lehman hawakuogopa kuhamisha vitu. Wimbo wa My Favorite Things, ambao jukwaani Maria anauimba na mkuu wa watawa, waliupeleka chumbani usiku wa radi, watoto wakiwa wamejazana kitandani kwa hofu. Ukiutazama leo unadhani ulitungwa kwa ajili ya radi ile. Waliomwiga Wise waliiga milima na kuacha kuiga kazi hiyo ya fundi.

Jukwaani kila kitu ni uongo uliokubaliwa. Mti ni ubao, usiku ni taa ya buluu, safari ya siku mbili ni hatua nne. Mtu akiacha kusema na kuanza kuimba, anaongeza uongo mmoja juu ya mwingine, na mtazamaji aliyekwisha kuukubali mti wa ubao hana sababu ya kuugomea wimbo. Kamera huvunja makubaliano hayo hata kama haina nia mbaya. Inapiga mtaa wenyewe, mvua yenyewe, vinyweleo vya shingo ya mwigizaji. Katika mtaa kama huo mtu anayeanza kuimba ghafla, tena akisindikizwa na okestra isiyoonekana, anadaiwa maelezo.

Halafu kuna makofi. Watunzi wa Broadway huandika mwisho wa wimbo wakiyategemea: sauti inapanda, okestra inapiga pigo moja la mwisho, mwimbaji anasimama mikono ikiwa hewani, ukumbi unalipuka. Sekunde zile chache zina kazi. Zinaifunga hisia, zinampa mwimbaji nafasi ya kuhema, zinaruhusu taa kubadilika na mandhari kuondolewa. Aliyewahi kukaa kwenye taarab haelezwi jambo hili. Mwimbaji akitunzwa huurudia ubeti huku akimtazama mtunzaji usoni, na wimbo hurefuka kwa kadiri ukumbi unavyojibu; waondoe wanaotunza, ubaki na video ya usiku ule, na marudio yaleyale yanageuka kero. Filamu hufika mwisho wa wimbo wake, pigo linapigwa, mikono ipo hewani, na hakuna kitu. Mwongozaji anaweza kukata haraka kwenda onyesho lingine, na wimbo ukabaki kama mlango uliofungwa kwa kishindo, au anaweza kumwacha mwimbaji amesimama hapo, na watu wakaanza kukohoa.

Kuna pia umbali. Mwigizaji wa jukwaani hufundishwa miaka kutuma sauti na uso hadi kiti cha mwisho cha roshani. Mwaka 2005 Susan Stroman, aliyeuongoza mchezo wa The Producers hadi ukapata tuzo 12 za Tony, aliuongoza pia kwenye filamu, akiwa na Nathan Lane na Matthew Broderick walewale. Hakuna aliyeujua mchezo ule kuliko wao. Filamu ikaanguka, kwa sababu kila jicho lilitolewa kwa ajili ya watu wa roshani na roshani haikuwepo. Na pale waongozaji wanapoogopa kudumu na wimbo kwa dakika nne, hukabidhi kazi kwa mhariri, ambaye huukatakata: uso, mkono, dirisha, uso. Fred Astaire zamani alidai kamera imwonyeshe mwili mzima, kichwa hadi viatu, bila kukatwakatwa. Alijua watu wamelipa kuona miguu.

Mfano ulio wazi kuliko yote kwangu ni A Chorus Line. Michael Bennett aliujenga mchezo huo kutokana na mazungumzo yaliyorekodiwa mwaka 1974 na wachezaji dansi wa Broadway, watu wanaocheza nyuma ya nyota na ambao majina yao hakuna anayeyakumbuka. Ulifunguliwa mwaka 1975 na kufungwa mwaka 1990 baada ya maonyesho 6,137. Mandhari yake ni karibu hakuna: jukwaa tupu, mstari mweupe sakafuni, vioo nyuma. Wachezaji 17 wanafanyiwa usaili kwa nafasi nane. Mwongozaji anayewasaili, Zach, kwa muda mwingi ni sauti tu inayotoka gizani, upande wa watazamaji. Ujanja wote uko hapo. Aliyelipa tiketi amekaa alipokaa Zach, anawaona wanavyojieleza na kuomba kazi, na bila kutaka anaanza kuchagua: huyu abaki, yule aondoke. Mwishoni wote wanarudi wamevaa dhahabu, wanafanana, na yule uliyemlilia nusu saa iliyopita humtambui tena.

Filamu ya 1985 iliongozwa na Richard Attenborough, aliyekuwa ametoka kushinda Oscar kwa Gandhi. Ilimpa Zach sura, ya Michael Douglas, ikamkaza kwenye kiti na sigara yake. Ikatuonyesha mapenzi yake ya zamani na Cassie kwa kurudi nyuma, ikamleta Cassie kwa teksi katikati ya msongamano wa New York. Kila nyongeza ina mantiki ya sinema: kamera inachoka na chumba kimoja, basi itolewe nje. Lakini Zach alipopata sura, mtazamaji alipoteza kiti chake. Hakuwa msaili tena; alikuwa mtu anayetazama usaili wa watu wengine. Bennett mwenyewe alikuwa amependekeza hadithi igeuzwe kuwa usaili wa filamu yenyewe, wazo ambalo lingempa mtazamaji wa sinema nafasi ileile aliyokuwa nayo wa ukumbini. Halikukubaliwa.

Cats ya 2019 imeshachekwa vya kutosha, kwa hiyo nitaitaja kwa kipimo. Mchezo wa Andrew Lloyd Webber, kutoka mashairi ya T. S. Eliot ya 1939, ulidumu London miaka 21, kuanzia 1981 hadi 2002. Hadithi yake ni nyembamba kama uzi. Kilichokuwepo ni wachezaji dansi wenye nguo za kubana, mawigi na nyuso zilizopakwa rangi, wakitambaa kwenye jalala kubwa na kushuka kati ya viti vya watu. Hakuna aliyefanana na paka. Kila mtazamaji alimalizia paka wake kichwani kutokana na jinsi bega linavyogeuka na mgongo unavyopinda. Filamu iliamua kummalizia. Iliwavika waigizaji manyoya ya kompyuta, na ghafla swali ambalo halikuwahi kuulizwa kwa miaka 38 likaulizwa na kila mtu: hiki ni kiumbe gani? Siku chache baada ya kutoka, Universal ilipeleka sinema nakala nyingine yenye picha zilizorekebishwa. Gharama zilikuwa kama dola milioni 95, na mapato ya dunia nzima hayakufika hapo. Hata kama kompyuta zingefanya kazi yake kikamilifu, shida ingebaki palepale. Pengine ingezidi.

Naamini hivyo kwa sababu ya The Lion King, hadithi iliyosafiri njia zote mbili. Ilianza kama katuni mwaka 1994. Mwaka 1997 Julie Taymor aliipeleka jukwaani, na badala ya kuwaficha watu ndani ya wanyama aliwaacha waonekane: kinyago cha simba kikae juu ya kichwa, uso wa mwigizaji ukiwa wazi chini yake, swala waruke wakiwa wamefungwa mikononi mwa mchezaji dansi, nyasi ziote kwenye vichwa vya watu wanaotembea. Mwaka 2019 Disney ikarudi sinema na wanyama wa kompyuta walio karibu kabisa na wa mbuga. Fedha zilimiminika, zaidi ya dola bilioni 1.6, na mtu anayepima mambo kwa fedha anaweza kuishia hapo. Lakini simba aliye kama simba hana misuli ya kuonyesha huzuni kwa namna tunayoisoma sisi, wala midomo yake haikuumbwa kwa ajili ya wimbo. Wahakiki walilalamikia nyuso zilizokufa. Wimbo ulitoka mahali fulani karibu na mnyama.

Utasikia ikisemwa, hasa na wenye studio, kwamba watu wa siku hizi hawapendi nyimbo kwenye filamu. Ukanda wetu wa pwani una ushahidi wa kupinga hilo. Sinema za Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zilijaa kwa miongo kwa filamu za Kihindi. Awaara ya Raj Kapoor, 1951, na Mother India, 1957, ziliwaliza watu ambao hawakujua neno la Kihindi, na wakatoka wakiziimba nyimbo zake. Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina kubwa kwa taarab yenye mahadhi ya filamu hizo. Hapo nyimbo zilitungwa kwa ajili ya kamera tangu mwanzo. Na tofauti na Marni Nixon, Lata Mangeshkar hakufichwa: kila mtu alijua kwamba sauti ni yake na uso ni wa mwingine, hilo likawa sehemu ya makubaliano, na jina la mwimbaji likauza tiketi. Makubaliano yakiwepo, wimbo hauhitaji kujitetea. Tamthilia ya Broadway huja sinema ikiwa na makubaliano ya nyumba nyingine.

Mwongozaji Bob Fosse alilijua hilo kwa kuumia. Filamu yake ya kwanza kutoka jukwaani, Sweet Charity ya 1969, ilishindwa. Alipopewa Cabaret alichukua hatua ambayo wapenzi wa mchezo ule wa 1966 wangeiita usaliti: aliziondoa nyimbo ambazo watu huziimba majumbani au wanapochumbiana, akabakiza karibu zile tu zinazoimbwa ndani ya klabu, mbele ya wateja wanaokunywa. Wimbo mmoja ulio nje ya klabu unaimbwa hadharani na kijana mwenye sare ya Kinazi kwenye bustani ya bia, na unatisha kwa sababu walioketi wanasimama mmoja mmoja kumwitikia. Katika filamu hii kila wimbo una mtu wa kuusikiliza. Makofi yapo, ya wateja, na kadiri Berlin inavyobadilika makofi hayo nayo yanabadilika. Cabaret ilitoka mwaka 1972 na kupata Oscar nane, ingawa ile ya filamu bora ilikwenda kwa The Godfather.

Chicago, mchezo wa Fosse na watunzi Kander na Ebb wa mwaka 1975, ulingoja sinema miaka 27. Rob Marshall alipoupata, pamoja na mwandishi Bill Condon, aliziweka nyimbo karibu zote kichwani mwa Roxie, mwanamke anayeota kuwa nyota: kamera ikiwa mahakamani tuko mahakamani, akifumba macho kidogo tuko jukwaani. Oscar sita, ikiwemo ya filamu bora, ya kwanza kwa filamu ya nyimbo tangu Oliver!. Dawa hizi mbili zina mpaka wake, nao husahaulika. Zinafanya kazi kwa hadithi za watu ambao tayari ni wasanii au wanatamani kuwa. Huwezi kuupeleka klabu mchezo kama Carousel, ambao watu wake si wasanii.

Tom Hooper alijaribu dawa nyingine katika Les Misérables ya 2012: waigizaji waimbe palepale mbele ya kamera badala ya kufuata sauti iliyorekodiwa miezi kabla. Anne Hathaway aliuimba wimbo wake mkubwa kwa picha moja ndefu ya karibu, sauti ikikatika, pua ikichuruzika, na akapata Oscar kwa haki. Huyo ni mfano halisi wa kitu ambacho jukwaa haliwezi kukupa. Bahati mbaya Hooper alikipenda mno. Karibu kila mtu aliyefuata alisogelewa vilevile, na zaidi ya saa mbili za nyuso zilizojaa skrini zinachosha hata zikiwa nzuri. Fedha zilikuja, zaidi ya dola milioni 400. Zikamwezesha kutengeneza Cats.

Mchezo unapokuwa na nguvu, wenye mali huogopa kuuuza. Filamu inaweza kuwapunguzia watu wa ukumbini. Merrick aliandika hofu hiyo mkatabani, wengine huiweka moyoni. Kwa hiyo filamu huja mchezo ukiwa umepoa. The Phantom of the Opera ilifunguliwa London mwaka 1986, filamu ikatoka 2004. Rent ya Jonathan Larson, aliyefariki usiku wa kuamkia onyesho la kwanza la majaribio Januari 1996, ilikuwa hadithi ya vijana wa New York wasio na kodi ya nyumba na wanaozikana kwa UKIMWI. Filamu ya Chris Columbus ilitoka 2005 na waigizaji sita kati ya wanane wakuu wa awali, kwa heshima yao na kwa furaha ya mashabiki. Lakini miaka karibu kumi ilikuwa imepita. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa zimebadilisha ugonjwa ule Marekani, mitaa yenyewe ilikuwa imepanda bei, na nyuso zile za watu wa miaka thelathini na kitu zikigomea kulipa kodi zilionekana kama za wapangaji wakorofi. Katika The Wiz ya 1978 Diana Ross, aliyezaliwa 1944, alimwigiza Dorothy. Jukwaani alikuwa binti, Stephanie Mills. Katika Dear Evan Hansen ya 2021 Ben Platt alirudia nafasi ya mwanafunzi wa sekondari akiwa na miaka 27. Ukumbini, mita ishirini za giza humpunguzia mtu miaka kumi.

Sarafina!, mchezo kuhusu wanafunzi wa Afrika Kusini chini ya ubaguzi wa rangi, ni wetu zaidi, na kwake kuchelewa kulikuja kwa namna nyingine. Mbongeni Ngema, akishirikiana na Hugh Masekela kwenye muziki, aliufungua Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, ukafika Broadway mwaka uliofuata. Afrika Mashariki wengi wetu tuliujua kwa filamu ya Darrell James Roodt ya 1992, kwenye kanda za video zilizopita mkono hadi mkono, na kuna kizazi kizima kilichoimba nyimbo zake bila kujua kwamba ziliwahi kuwa za jukwaani. Leleti Khumalo alikuwepo kote kuwili, na uso wake kwenye skrini ni zawadi. Ila filamu inaruka kutoka dansi ya uwanja wa shule hadi chumba cha mateso, na kamera, kwa kuwa inaonyesha mateso kama mateso, inaifanya dansi inayofuata ionekane imesahau. Jukwaani mambo yote mawili yalichezwa na miili ileile ya wanafunzi, kwa mtindo uleule. Tena mwaka 1987 wanafunzi hao walipoigiza siku ya kuachiwa kwa Mandela walikuwa wanatabiri mbele ya watu wasiojua itakuwaje. Filamu ilipotoka dunia ilikuwa imeshamwona akitoka gerezani Februari 1990. Tukaiona siku ile kama kumbukumbu.

Leo aibu imekuwa mkakati wa mauzo. Vionjo vya Wonka, The Color Purple na Mean Girls, zote za majira ya baridi ya 2023 na mwanzoni mwa 2024, vilificha kadiri ilivyowezekana kwamba humo ndani watu wanaimba. West Side Story ya Steven Spielberg, 2021, iliyotengenezwa kwa ustadi ambao sidhani utaonekana tena upesi, ilirudisha pungufu ya gharama zake za takriban dola milioni 100. Janga la korona lilichangia, lakini haliwezi kubeba lawama yote. Kisha Wicked, mchezo wa 2003, ikaingia sinema Novemba 2024 chini ya Jon M. Chu na kuvuka dola milioni 700. Je, hoja imevunjika? Nadhani imepata mpaka. Oz, mahali inapotokea hadithi hiyo, ni nchi ambayo haijawahi kuwa na mtaa halisi, kwa hiyo kamera haina cha kuumbua. Waigizaji waliimba papo hapo. Na watengenezaji waliukata mchezo sehemu mbili, filamu ya kwanza ikaishia palepale pazia la kwanza linaposhuka jukwaani, wimbo mkubwa ukiwa bado hewani, kisha watu wakawashiwa taa waende nyumbani. Wamepewa nafasi ya kupiga makofi, na kumbi nyingi zilipiga. Ya pili, Novemba 2025, ilibaki na nusu dhaifu ya mchezo, na wahakiki wakapoa.

Njia isiyo na majivuno ni kuacha kuugeuza mchezo. Hamilton ilipigwa picha ukumbini Juni 2016 na waigizaji wake wa awali. Disney ikalipa takriban dola milioni 75 na kuitoa kwenye mtandao wake Julai 2020, makofi yakiwemo. Merrily We Roll Along ya Stephen Sondheim, iliyofungwa Broadway mwaka 1981 baada ya maonyesho 16 tu, sasa inapitishwa njia zote mbili kwa wakati mmoja. Toleo la Maria Friedman, na Jonathan Groff, Daniel Radcliffe na Lindsay Mendez, lilirekodiwa mbele ya watazamaji na kuingia sinema Desemba 2025. Richard Linklater naye, tangu 2019, anaupiga mchezo huo kama filamu kamili, kipande baada ya kipande kwa muda wa miaka 20, ili Paul Mescal na wenzake wazeeke kweli mbele ya kamera. Na kwa kuwa hadithi yenyewe inakwenda kinyumenyume, kutoka utu uzima kurudi ujanani, sehemu ambayo watazamaji wataiona kwanza ndiyo itakayopigwa mwisho.